Tawi na Makao Makuu

Muumini wa Nanyala, mkoani Songwe, aweza kuuliza: tawi linapokosana na makao makuu ya jumuiya ya elimu kuhusu katiba na michango, je, lijitenge?

Tujibu kwa historia. East African Muslim Welfare Society iliasisiwa mwaka 1945, ikajenga shule na misikiti. Mwaka 1968 tawi lake la Bukoba lilijitoa, likidai katiba na uongozi wa Watanzania wenyewe; matawi mengine yakafuata. Kabla pande hizo hazijapatana, Desemba mwaka huohuo serikali iliipiga marufuku jumuiya, na mali zake zikaenda BAKWATA. Chuo kikuu ilichokikusudia hakikuwahi kukijenga.

Hatusemi tawi linyamaze. Kudai hesabu ya fedha za waumini ni haki, na anayeificha amevunja amana. Lakini madai yaandikwe, yafikishwe mkutano mkuu, na wasuluhishi waridhiwe na pande zote. Wakati huo, ada ya yatima na mshahara wa mwalimu visiguswe.

Qur'ani ina sura iitwayo Ash-Shuura. Tushauriane kabla ya kugawanyika. Wabillahi tawfiiq.