Tasnifu Isingoje Mitihani

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, walimu hunijia hapa Elgon View, mjini Eldoret, wakiwa na barua za kujiunga na uzamili katika Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984. Huniuliza kuhusu karo na ratiba. Ni nadra mtu kuuliza: nitafiti nini, na nani atanisimamia?

Katika vyuo vyetu, wapo wanaofaulu mitihani yote, kisha wakakwama miaka na mikaka kwenye tasnifu, ilhali karo imekwisha kulipwa. Darasa lina kengele, tasnifu haina. Basi mwanafunzi mpya na amtafute msimamizi tangu muhula wa kwanza, asome tasnifu zilizomo maktabani, na aandike ukurasa mmoja kila juma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tena ainame mapema.