Tujenge kwanza, mengine yatafuata?

Kila bajeti ya elimu inapojadiliwa hapa Sengerema, hoja ya kwanza ni ileile: tujenge kwanza, mengine yatafuata. Hayafuati. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wazazi wakachangishwa, muda ukasogezwa hadi Juni 2015, kuta zikasimama. Maabara isiyo na mwalimu wa fizikia ni stoo.

Eti mwalimu hodari hashindwi na wingi wa watoto. Chukua darasa la kwanza lenye watoto 120, badala ya 45 wanaotakiwa. Akimpa kila mmoja dakika moja tu, aone anavyoshika penseli, amsikilize akisoma silabi, saa mbili zimekwisha. Kipindi ni dakika 30. Kwa hiyo anasahihisha madaftari ya safu za mbele, na waliokaa chini huko nyuma wanaitikia kwa pamoja wasichokiona ubaoni. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kuwa wamo waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma. Walianza kupotea hapo nyuma.

Wengine husema elimu ilishafanywa bila malipo Januari 2016, shule zina nini tena cha kulalamikia? Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Ilitokana na dola 10 za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002. Leo haifiki dola tano. Igawe kwa siku 194 za masomo: shilingi 51 na ushei.

Na kwamba watoto wa huku wanapenda mwalo kuliko shule, hapana. Aliyefika darasa la nne bila kujua kusoma, na mwaloni analipwa siku hiyohiyo kwa kuanika dagaa, amepiga hesabu yake sawasawa.

Hoja yenye uzito ni moja: ajira za walimu hupangwa Dodoma, si na madiwani wetu. Ni kweli. Lakini mwalimu anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba wala maji huomba uhamisho, na hilo liko mikononi mwetu. Mapato ya ndani na nguvu za wananchi zijenge nyumba za walimu kabla ya darasa jingine. Na walimu wakuu waache kuwahamishia walimu wao bora kwenye madarasa ya mtihani. Wawaache la kwanza na la pili, kusoma kunakoanzia.