Kuku mpya ndani ya kibanda cha zamani: hesabu hii inatuibia

Ninyi ambao kila asubuhi munabeba mayai kwenda soko ya Nyawera, leo nataka tusemezane juu ya tabia moja ambayo hapa Ibanda karibu sisi wote tuko nayo. Kuku kumi zimezeeka, tunauzisha kumi, tunaingiza kumi changa. Kibanda hakibaki tupu hata siku moja. Tunasema: mayai isikatike. Mimi pia nilifanya hivyo miaka mingi, na sasa ninaona kwamba tunajiibia wenyewe.

Mwizi anaitwa salmonela. Kwanza tuondoe fujo moja: wengi wakisikia jina hilo wanafikiri tifoide. Ile ya tifoide inatoka kwa mtu, inapita kwa maji na chakula chenye uchafu wa choo; kuku haina kosa hapo. Za kuku zinazotusumbua ziko mbili. Moja inaua kuku zenyewe: kilemba kinapauka, mavi yanakuwa ya manjano na kijani, kibanda kinaisha. Ingine, Enteritidis, ndiyo mbaya kwa mlaji, juu kuku inaonekana nzima, inakula, inataga, lakini bakteria inaweza kuingia ndani ya yai mbele ganda lijengwe. Hapo kupangusa ganda hakusaidii. Mwenye kula omleti isiyoiva, sana sana mtoto ao mzee, ndiye anahara na kushikwa na homa.

Na bakteria hii haikai tu ndani ya kuku. Inakaa ndani ya nyumba: kwa vumbi la juu ya miti ya paa, kwa nyufa za mbao, kwa udongo wa chini, kwa trei za karatoni tunazoazimana. Watafiti wa Uingereza waliandika mwaka 1996 kwamba inaweza kungoja mwaka mzima ndani ya kibanda kisicho na kuku hata moja. Na panya! Punje moja ya mavi ya panya mdogo inaweza kubeba bakteria zaidi ya 100,000. Tuangalie parseli zetu za Panzi ao Nyalukemba: nyumba juu ya nyumba, takataka kwa mtaro, gunia la mahindi, soya na unga wa sambaza liko wazi kwa kona. Usiku panya anakula humo, anaacha mavi humo, asubuhi sisi tunachota na kugawia kuku.

Oksitetra kwa maji? Inapunguza vifo, lakini kuku iliyobeba bakteria inaweza kubaki nayo, na mayai ya siku hizo haifai kuuzishwa. Javeli ukimwaga juu ya mavi, nguvu yake inaishia kwa mavi. Dawa yenyewe ni kibanda tupu. Toa kila kitu, fagia kikavu kuanzia paa kushuka, osha na sabuni, acha kikauke kabisa, ndipo javeli ao chokaa. Kama chini ni udongo, parua ule wa juu uutupe mbali. Panya tege wakati huo huo: kuku zikiondoka chakula yao imekwisha, njaa itawaleta kwa mtego. Kibanda kikae wiki tatu hivyo, mwezi wa 7 ao wa 8, wakati jua inakausha. Mwezi wa 11 utaosha, na hakitakauka.

Najua jibu: “Na minervali ya watoto?” Ni swali la haki, na ndiyo sababu siamini mtu peke yake ataweza. Koperative itaweza. Mwezi wa 3 tununue vifaranga pamoja, memba mmoja asiye na kuku kubwa avilee mpaka wiki ya 17. Nusu yetu wafunge vibanda mwaka huu, nusu ingine mwaka ujao, na wenye kuuzisha mayai wakopeshe waliofunga kupitia sanduku letu. Hatari iko: mlezi akikosea, ugonjwa unafika kwetu wote mara moja. Basi nyumba yake tuikague bila haya, hata kama ni ya prezida.

Kwa mkutano unaokuja nitaomba majina ya wale watakaofunga kwanza. La kwangu nimeisha kuandika.