Lipia Breki Kabla ya Kulipia Farasi

Wasee wengi wameniuliza mbona nilifuta ile video ya SLK. Hakuna mtu aliniripoti, na hakuna mtu amenilipa. Niliifuta mwenyewe. Leo nataka kusema kwa nini, halafu nichokoze watu fulani wa hapa Masaku na Nai wanaouza presha ya hewa kama wanauza smoki pasua kwa steji.

Kwa wale hawakuiona: ilikuwa gari ya binamu yangu, Mercedes-Benz SLK 200 Kompressor, viti viwili, paa la chuma linalojikunja na kuingia kwa buti. Injini ni ya lita 1.8, na ilitoka kiwandani na farasi 163. Hilo neno Kompressor pale nyuma linamaanisha supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwa injini yenyewe. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, kwa hivyo inasubiri kidogo ndiyo iamke. Supachaja haingoji. Ukikanyaga, inaitika hapo hapo. Nisiwadanganye, hiyo gari ni tamu.

Sasa kazi yake ni gani? Binamu analala hapa mjini na anafanya kazi Nairobi. Asubuhi kilomita 60 na kitu, jioni zingine kama hizo. Kyumvi, Athi River, msongamano wa Mlolongo, halafu Expressway siku akiwa na doh ya kulipia. Jumamosi anampeleka mamake soko, mboga zikikaa kwa miguu ya shangazi kwa sababu paa likikunjwa buti haina nafasi. Ni gari ya kila siku, basi tu imezaliwa na sura nzuri.

Akaipeleka gereji moja, sitaitaja na si ya huku kwetu. Wakamwekea puli ndogo kwa supachaja, wakamwaga programu mpya kwa kompyuta ya gari, wakakata sailensa. Sh85,000 zikaenda. Nikaitwa na simu yangu. Sekunde 40, barabara tupu alfajiri, ekzosi ikipasuka kama fataki za Mwaka Mpya. Video ikapaa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Komenti zikawa "chuma hiyo", "Masaku si ndogo", "nipe namba ya fundi". Nilizisoma zote, nikiwa na furaha ya mtoto.

Hakuna hata mmoja aliuliza breki ziko aje. Na mimi niliyekuwa na simu mkononi sikuuliza.

Jumapili mbili baadaye tukapanda Milima ya Mua, mimi na yeye. Kupanda ilikuwa raha tupu. Kushuka, kona ya tatu ama ya nne, nikasikia harufu ya kuungua. Kona iliyofuata akakanyaga breki na pedali ikaenda chini laini, kama umekanyaga mto wa kulalia. Mbele yetu kulikuwa na mama na punda wake, mitungi minne ya maji mgongoni. Binamu akashusha gia, injini ikalia, akaielekeza gari kwa ukingo wa nyasi, tukakwaruza upande wote wa kushoto na kusimama kama hatua tano kutoka kwa huyo punda. Punda hata hakutingishika. Mama aliweka mkono kifuani.

Tukatoka. Nikamwambia, "Mama, pole sana. Breki zimekataa."

Akatuangalia mmoja mmoja. "Zimekataa leo, ama mlikuwa mnajua?"

Sikuwa na jibu. Fundi wa hapa mjini alipoifungua gari kesho yake, mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Watu wengi hawajui kwamba mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani polepole. Yakikaa miaka, maji yanakuwa mengi, na ukiyapasha moto kwa mteremko yanachemka na kufanya mapovu. Mapovu yanabonyea. Hiyo ndiyo ile pedali laini. Ndiyo sababu inashauriwa yabadilishwe karibu kila miaka miwili. Ni kazi ya bei ndogo, saa moja hivi. Padi nazo zilikuwa zile za bei rahisi alizowekewa na aliyemuuzia gari. Ile gereji iliyochukua Sh85,000 haikufungua hata gurudumu moja kuangalia.

Hapo ndipo ugomvi wangu uko. Mtu akikuongezea nguvu ya kukimbia bila kuuliza utasimama vipi, huyo ni muuzaji wa sauti. Usimwite fundi.

Chukua fizikia ya sekondari. Gari ikitoka 100 kwa saa ikafika 140, unaona umeongeza asilimia 40 tu. Lakini nishati ambayo breki zinapaswa kumeza ili zikusimamishe imekaribia mara mbili, kwa sababu inaenda na mwendo mara mwendo. Breki ni zile zile. Tairi ni zile zile. Na sheria yenyewe inakupa 110 kwa barabara pana, na 50 ukiingia mjini. Farasi 163 wa kiwandani wanaweza kuvunja zote mbili ukiwa bado unatafuta stesheni ya redio.

Najua hoja ya wale wa puli, na ina ukweli wake. Machakos iko juu, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Tabo inaweza kujikaza izunguke zaidi ili ifidie, lakini supachaja imefungwa kwa mkanda, inazunguka vile injini inazunguka, basi. Kwa hivyo SLK ya Masaku haipati farasi wote walioandikwa kwa kitabu. Puli ndogo inarudisha baadhi yao. Ukipunguza kipenyo cha puli kwa asilimia 10, supachaja inazunguka kasi zaidi kwa kama asilimia 11. Sawa. Hesabu safi.

Lakini hakuna mtu ananunua SLK akae nayo Masaku peke yake. Disemba inafika, kila mtu Mombasa. Unateremka Emali, Mtito Andei, Voi, na kila kilomita hewa inakuwa nzito zaidi. Ufukweni presha ya hewa iko juu ya yetu kwa karibu asilimia 20. Sasa ile puli uliyochaguliwa kwa hewa nyepesi inameza hewa nzito, na joto la Pwani juu yake. Hewa ikishindiliwa inapata moto. Supachaja ikizungushwa kupita kiasi chake inapika hewa kabla haijafika kwa silinda. Hewa moto na petroli isiyo na okteni ya kutosha inalipuka kabla ya wakati wake, unasikia injini inagonga kama mtu anatikisa misumari kwa kopo. Magari mengi ya Ulaya ya aina hii yameandikwa 95 kwa kifuniko cha tanki. Je, pampu unayojazia inakupa ngapi? Fundi wako alikuuliza? Kompyuta ya Mercedes ni mjanja, ina sensa ya kusikia huko kugonga na inachelewesha cheche kujiokoa. Lakini mtu aliyeandika programu kwa dakika 20 bila kupima chochote barabarani anaweza kuwa amekula nafasi yote iliyobaki ya kujiokoa. Bastola zikitoboka, utatembea Kirinyaga Road kutafuta injini nzima.

Na hizi injini, aina ya M271, zina magonjwa yanayojulikana hata zikiwa bila puli yoyote. Cheni ya taimingi hurefuka, gia za kamshafti huisha meno, mipira ya kupumulia ya injini hupasuka kwa uzee. Ukisikia mlio wa cheni asubuhi ukiwasha gari, na jioni unaenda kununua puli, wewe unamvalisha mgonjwa viatu vya mbio.

Kuna mtu tayari anaandika, "Huyu anaongea hivi kwa sababu ana Vitz." Buda, hata Vitz si yangu, ni ya mamangu. Na ni kweli nina wivu. Hiyo haibadilishi mafuta ya breki.

Mwingine atasema Kenya ni nchi ya reli, speed iko kwa damu yetu. Poa, twende kwa reli basi, Safari Rally yenyewe. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari kagari kanaitwa Vivio. Injini 660 sisi, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa, na ilikuwa na supachaja, kama hii ya binamu. Ile ya barabarani ilikuwa na farasi 64. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae, yule Mskoti ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Mwingine alikuwa wetu, Patrick Njiru. Mbele, Juha Kankkunen alishinda na Toyota Celica. McRae na Vivio yake hakumaliza. Njiru alimaliza, nafasi ya 12 kwa jumla, na wa kwanza kwa daraja lake. Nafasi ya 12 katika Safari, kwa kagari ambako ukikaa magoti yanagusa usukani. Safari ya siku hizo haikuwa mchezo: mawe, mito, vumbi, maelfu ya kilomita. Farasi 64 hawatoshi kumfukuza mtu huko. Ile gari ilifika kwa sababu haikuvunjika, na kwa sababu aliyekaa ndani alijua inaweza nini na haiwezi nini. Watoto wa siku hizi wana stika ya Subaru kwa kioo na hawajawahi kusikia jina Vivio. Inaniuma.

Sisemi usitengeneze gari. Mimi napenda gari iliyoguswa na mkono wa mtu. Ila nikipewa zile Sh85,000 leo na gari ile ile, ningeanza na oili, plagi, mikanda, kulanti na ile mipira ya kupumua, halafu nisikilize cheni kwa makini. Kisha mafuta mapya ya breki na padi nzuri, na diski kama zimeliwa. Kisha tairi nne za aina moja, za mwaka wa karibuni, si mbili mpya mbele na mbili za mtumba nyuma. Shoki na bushi, kwa sababu barabara zetu zinajulikana. Hapo pesa ziko karibu kuisha na gari tayari imebadilika. Inashika kona, inasimama, haitetemeki ukipita matuta ya Mlolongo. Ungesema ni gari nyingine. Pesa zingine zikipatikana, rejeta safi na intakula inayopoza vizuri, maana kwa supachaja, hewa baridi ni farasi wa bure. Programu inakuja baada ya hapo, kutoka kwa mtu anayeweza kukuonyesha vipimo vya kabla na baada, na anayekuuliza unaenda Pwani mara ngapi kwa mwaka. Puli iwe ya mwisho kabisa. Na umwambie mtu wa bima kwamba umebadilisha gari, kwa sababu siku ya ajali wataangalia, na hapo ndipo utajua walikuwa wanasoma fomu yako vizuri.

Sailensa iache. Kila mtaa una mtoto analala na mzee ana presha. Kanuni za kelele za NEMA ziko tangu 2009, hata kama hakuna mtu anazikumbuka isipokuwa kufunga klabu. Ukitaka maajabu ya gari Machakos, nenda Kyamwilu, weka gari nyutro, uione "ikipanda" mlima yenyewe. Bure, kimya, na hakuna mtu anaumia.

Lakini nirudi kwangu, kwa sababu ni rahisi kulaumu gereji. Mimi ndiye niliyesimama kando ya barabara na simu. Nilichagua ile sehemu ya ekzosi kupasuka kwa sababu najua mnaipenda. Kama ningeweka video ya fundi akibadilisha mafuta ya breki, mngeitazama? Watu mia mbili, labda. Nitaiweka. Tayari nimeirekodi, dakika saba, mkono wa fundi umejaa uchafu na hakuna muziki.

Binamu amerudisha puli ya kiwandani. Ile ndogo iko kwa droo chini ya TV kwao, imefungwa kwa gazeti. Ubavu wa gari bado una mikwaruzo, hajapata pesa za rangi.

Siku moja kabla nifute video, kijana wa Tala aliniandikia. Anataka kujua bei ya puli. Anaendesha C180 Kompressor ya mamake, kwenda shule na kurudi, akiwa na dadake mdogo. Nilimuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Ameona ujumbe. Hajajibu bado.