WATOTO WA MBWA WA TUMBO MOJA: KILA NYUMBA MMOJA

Ndugu wanachama,

Wote mnajua kwamba mbwa wa ghala letu amezaa. Watoto ni saba, wazima wote, na sasa wako katika wiki ya tano. Orodha ya wanaowataka iko kwa katibu, na majina yamefika kumi na moja. Hatushangai, maana nguruwe na nyani wametuchosha mashambani, na fisi naye hakosi zizini. Lakini tulipoisoma orodha hiyo tumeona wanachama wanne wameandika kwamba wanataka wawili wawili. Wanne hao peke yao wanataka wanane, na watoto ni saba!

Sababu zao tumezisikia. Wanasema mmoja atalia usiku. Wanasema wawili watacheza wenyewe wasisumbue watu. Tena wanasema wawili hulinda kuliko mmoja.

Sisi tunasema hapana, kila nyumba ichukue mmoja. Wala si kwa sababu ya uhaba tu. Hata wangezaliwa ishirini, tungesema hivyo hivyo.

Tuanze na tabia ya mnyama mwenyewe. Mtoto wa mbwa ana kipindi chake cha kujifunza nani ni mwenzake. Kipindi hicho huanza akiwa na wiki 3 hivi, na hufifia akifika wiki 12 hadi 14. Akivuka hapo bado anafundishika, ila kazi inakuwa kubwa. Akikaa na watu katika wiki hizo, anakuwa mbwa wa watu. Akilala na mbuzi, mbuzi wanakuwa jamaa zake. Huko Namibia, shirika la kuhifadhi duma liitwalo Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapatia wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo tangu mwaka 1994. Mtoto huwekwa na mifugo angali mdogo, akakua nayo, na akishakuwa mkubwa hakubali kuiacha. Ukali peke yake haumfanyi mbwa alinde mbuzi. Anawalinda kwa sababu amewazoea.

Sasa chukua wawili wa tumbo moja uwapeleke nyumba moja. Hao wamenyonya pamoja na kulala pamoja. Wakifika kwako pamoja, wana haja gani ya kukutafuta wewe? Usiku wanapashana joto, mchana wanaviringishana uani. Ukimwita mmoja, anamwangalia mwenzake kwanza. Mwenye nyumba anafurahi, anasema, "Ah, hawa hawasumbui hata kidogo!" Kweli hawasumbui, kwa sababu hawana habari naye. Wiki zinapita, kipindi kile kinakwisha, na kila mmoja amejifunza kitu kimoja tu, nacho ni ndugu yake.

Matokeo yake yanaonekana baadaye. Mchungaji akiondoka na mmoja kwenda machungani, aliyebaki analia kutwa nzima na kukata kamba. Na yule aliyeondoka hafai kitu huko, maana anageuka nyuma kila hatua. Mmoja huwa mbabe, anakula vyote na kutangulia kila mahali, na mwenzake anabaki mwoga asiyejua kuamua jambo. Na wakiachwa wawili bila mtu, wanatoka kuzurura. Mbwa mmoja kijana akimkimbiza mbuzi huchoka upesi akaacha. Wawili huchocheana. Nyumba moja hapa kijijini, ambayo hatuitaji jina, ililipa mbuzi watatu wa jirani kwa ajili ya mchezo wa namna hiyo. Wale mbwa hawakuwa na njaa, walikuwa wanacheza.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Madume wawili wa umri mmoja, au majike wawili, wanaweza kupendana mwaka mzima, kisha wakipevuka wakaanza kupigania bakuli, mlango au mfupa. Na kama ni dume na jike, hapo kuna jambo jingine. Jike anaweza kuingia joto akiwa na miezi 6 tu, na mbwa hajui huyu ni dada yangu. Mimba yake ni siku 63 hivi. Kabla mwaka haujaisha unaweza kuwa na watoto wa damu moja, ambao kasoro zilizojificha katika ukoo hutokeza kwao kwa urahisi, na hakuna anayewataka.

Tusitie chumvi, ndugu. Huko Ulaya na Marekani wafunzaji wa mbwa wamelipa jambo hili jina kana kwamba ni ugonjwa, na wataalamu wengine wanapinga. Si ugonjwa. Ni malezi. Wapo ndugu wawili waliolelewa pamoja wakawa mbwa wazuri kabisa. Lakini ukiuliza walileleweje, utaambiwa kila mmoja alifundishwa peke yake, akalala peke yake, akatembezwa peke yake. Yaani kazi ilikuwa mara mbili. Nani kati yetu ana nafasi hiyo msimu wa palizi? Mshika mbili moja humponyoka.

Wapo wazee watakaosema, "Mbona sisi tulikuwa na mbwa watatu, wanne, na mji ulilindwa?" Ni kweli, wazee wetu, shikamooni. Lakini hebu kumbukeni, mbwa wale walikuwa wa umri mmoja? Alikuwapo mkubwa anayejua kazi, na mdogo alimfuata nyuma akijifunza. Huo ndio utaratibu tunaoutaka. Mwenye haja ya mbwa wawili alee wa kwanza mpaka atimize mwaka au mwaka na nusu, aijue kazi, aje kuomba wa pili. Hapo mkubwa atamfunza mdogo. Watoto wawili hawana cha kufundishana ila utundu.

Na kuhusu kulia usiku: atalia, ndiyo. Atalia siku tatu, nne, labda wiki. Mlaze jikoni karibu na watu, mpe gunia alilolalia na mama yake, lenye harufu yake. Kilio hicho ndicho kinachomfanya akutafute wewe. Ukimpa ndugu yake ili anyamaze, umemnyamazisha, lakini umepoteza mbwa.

Wale ambao tayari wanao wawili wa tumbo moja wasikate tamaa, wala wasimtupe mmoja porini. Wafanye hivi. Kila mmoja awe na jina lake na bakuli lake, na wale mbalimbali. Walale mahali mbalimbali. Kila siku, hata kwa robo saa, mmoja atoke na mtu bila mwenzake, kisha wabadilishane. Mmoja aende na mbuzi, mwingine abaki na mji. Kabla ya miezi 6 wamwone bwana mifugo kuhusu kuhasi. Na kama kuna ndugu au jirani mwema asiye na mbwa, kumpa mmoja si hasara.

Kwa hiyo, katika mkutano wa Jumamosi tunapendekeza haya:

1. Kila nyumba ipewe mtoto mmoja tu. Majina saba ya kwanza yapate, manne yatakayobaki yatangulie katika uzao ujao.

2. Mtoto yeyote asitolewe kabla hajatimiza wiki 8. Wiki hizo mama yake na ndugu zake wanamfundisha kutong'ata kwa nguvu, na sisi hatuwezi kumfundisha hayo vizuri kama wao.

3. Tangu leo hadi siku ya kugawa, watu waende ghalani kuwashika na kuwazoesha, mmoja mmoja. Watoto wetu nao waende, wakiwa na mtu mzima, na mama mbwa asichokozwe.

4. Kila atakayechukua aahidi mbele ya mkutano kwamba mbwa wake atachanjwa kichaa cha mbwa na kurudiwa kila mwaka. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho duniani waliambukizwa na mbwa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Afadhali mbwa mmoja aliyechanjwa kuliko wawili waliokosa sindano kwa kukosa fedha.

Tunajua wengine watanuna. Lakini mbwa hawa wamezaliwa ghalani kwetu, wamelishwa pumba ya chama, na ni mali ya wote. Nyumba saba zenye mlinzi ni bora kuliko nyumba tatu zenye mbwa wawili wanaojuana wao tu. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo Jumamosi, asiimalizie kilabuni.

Ni sisi,
Kamati ya Gazeti la Ukutani