KB 16: Namba ndogo inayoweza kuiacha apu yako bila masasisho

Tangu Novemba 1, 2025, Google Play inataka apu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 na kuendelea yafanye kazi pia kwenye simu zinazogawa kumbukumbu kwa vipande vya KB 16. Android ilizoea KB 4.

Mwenye simu anapata nini? Kwa vipimo vya Google yenyewe, simu ya KB 16 iliyoelemewa hufungua apu haraka zaidi kwa wastani wa asilimia 3.16. Chaji inayoliwa wakati wa kufungua nayo hupungua kwa asilimia 4.56.

Apu za Java au Kotlin pekee hazina shida. Kasheshe iko kwa zenye sehemu za C na C++, kama vile michezo mingi. Sehemu hizo hupitia kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa lugha ya mashine. Google huitoa ndani ya fungu la zana liitwalo NDK.

Fungu hilo lina pia programu ndogo ndogo zinazokaa mbele ya kompaila. Kazi yake ni kuiambia inajenga kwa ajili ya simu ya aina gani na Android ya toleo gani, kisha kuiachia iendelee. Timu inaweza kuandika ya kwake pia.

Na hapo ndipo penye uamuzi. NDK r28 hutoa KB 16 bila kuambiwa. Ya r27 lazima ipewe agizo. Likisahaulika, apu inajengeka vizuri tu na kwenye simu ya KB 4 inafunguka. Ikifika simu ya KB 16, inaweza kugoma.

Ukimwachia kila mtu akumbuke mwenyewe, siku moja mmoja atasahau. Agizo likiandikwa mara moja kwenye programu ile ya mbele, kompyuta zote za timu zinatoa kitu kilekile.

Lakini dawa hiyo ina mpaka. Sehemu iliyonunuliwa kwa kampuni nyingine ikiwa tayari imeshajengwa haigeuzwi kwa agizo lolote. Lazima mwenyewe aijenge upya, au timu itafute nyingine.

Wakati huo wote, apu iliyopo haipati sasisho. Kama ni ya benki, hata tundu la usalama likigunduliwa, kiraka kinasubiri foleni.