Hodi Isiyosikiwa

Leo twataka kushindana na neno moja lisemwalo huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, ya kwamba kiziwi ana kiburi, kwa maana apigiwapo hodi haitiki. Sisi waalimu nasi tulilisema. Tulisimama mlangoni pa mama mmoja mzee, tukabisha mara tatu kama ilivyo desturi, kisha tukaenda zetu tukinung'unika. Kumbe yumo ndani, akibangua korosho, ametupa mgongo. Ni nani basi aliyekosa adabu?

Desturi yetu yote ya kuarifiana imejengwa juu ya sikio. Mgeni hubisha, moto ukiwaka watu hupiga yowe, tembo wakiingia shambani usiku hupigwa madebe. Asiyesikia hupata habari mwisho, au asipate kabisa. Kisha twamwita mzito wa akili!

Wako wasemao, "Vyombo vya kumwarifu kiziwi ni mambo ya Ulaya." Ni kweli huko viko: kitufe hutiwa mlangoni, nacho kikibonyezwa taa humetameta ndani, au kisahani kilichowekwa chini ya mto hutikisika hata aliyelala aamke. Lakini tusijifiche nyuma ya bei. Simu ndogo ya mkononi, ikitegwa itetemeke na kulazwa chini ya mto, yaweza kumwamsha mtu jirani apigapo. Na pasipo simu, kamba nyembamba ipitishwe katika tundu la ukuta, ncha moja nje, ncha ya pili mkononi mwa mwenye kulala. (Mbuzi wataivuta, alisema mzee mmoja. Basi na ifungwe juu.)

Wala wasituambie ya kuwa viziwi ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 ya kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na katika waliopita miaka 60 ni zaidi ya robo. Sisi tuombao maisha marefu, twaomba na masikio gani?

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, lakini sheria haivuti kamba. Kwa hiyo twadai jambo moja katika mkutano ujao wa kila kijiji: litajwe mbele ya watu jina la jirani atakayekwenda kumgusa bega kila asiyesikia, siku ya moto na usiku wa tembo. Kwa mama yule tumekwisha jitaja wenyewe.